Kiatu cha Kushoto

Dorosela alikichukia kile kidonda, na hakuficha. Kila asubuhi, kabla moto haujashika vizuri, alimkuta mama mkwe wake ameshakaa kwenye kigoda jikoni, mguu wa kulia umelazwa juu ya debe lililopinduliwa, anasubiri bandeji mpya. Ya jana ikifunguliwa, harufu ilijaa jiko zima. Kinyaa kilimkaba Dorosela kooni, akageuza uso mlangoni, akavuta hewa ya baridi, ndipo akarudi kuinama. Kuna siku hata ugali ulimshinda.

Na mama mkwe mwenyewe, Esnath, anazungumzia viazi!

"Mvua zikianza, shamba la bondeni tuliwahi," alisema, huku Dorosela akimwagia maji ya chumvi juu ya ile nyama mbichi. "Mwaka jana tulichelewa, ukungu ukatumalizia viazi."

"Tutaliwahi, mama," Dorosela alijibu kwa mkato. Moyoni akasema, utalima kwa mguu upi?

Esnath alikuwa amekanyaga kisiki cha mwanzi nyuma ya nyumba, kule wanakogema ulanzi, ile pombe ya mianzi, peku kama alivyotembea maisha yake yote. Kisukari kilishamtia ganzi nyayo, basi akaendelea na kazi zake wala hajui kama ameumia, mpaka mguu ulipoanza kunuka. Hospitali ya Njombe daktari hakuzungusha maneno. Kidonda kisipokauka, mguu utakatwa. Asiukanyagie, kisafishwe kila siku, sukari ishuke, na akipona asitembee peku tena. Katika maneno yote hayo Dorosela alisikia "utakatwa". Esnath alisikia "akipona".

Majirani nao walisikia alichosikia Dorosela. Konsolata, wa nyumba ya pili, alikuja na jagi la ulanzi mtamu, uliogemwa asubuhi ile ile. Kwao mgonjwa anayeonekana kuaga hanyimwi kinachompendeza mdomoni.

"Mpe tu, maskini," alinong'ona mlangoni. "Anywe wakati ulimi bado unaonja."

Dorosela akamimina kikombe, akaona ametenda huruma. Esnath alikinusa, akatabasamu, akakirudisha.

"Huu ni wa mtu anayeaga. Mimi nahangaika sukari ishuke, ninyi mnanipandishia? Mwekee mumeo Efraimu, akirudi kutoka kupasua mbao atakunywa."

Dorosela akachoka naye kabisa. Usaha aliweza kuuosha, lakini yale matumaini yalimtia kinyaa kuliko usaha. Bibi kizee anaoza mguu huku anapanga shamba! Angelia, angelalamika, wangelia wote wakamaliza.

Siku Dorosela alipokuwa anakwenda mnadani Makambako kuuza njegere, Esnath akafungua fundo la kitenge chake, akampa pesa.

"Niletee viatu. Vya ngozi, vigumu, vya kufunga kamba. Daktari alisema nisitembee peku."

Viatu! Njia nzima Dorosela alinung'unika peke yake kama chungu cha maharage. Makambako akainama kwenye rundo la mitumba la kijana mmoja aitwaye Shadrack, akavuta kiatu cheusi, kizito, soli nzima kabisa. Cha kushoto.

"Mwenzake hayumo, mama," Shadrack akasema. "Belo nzima nimeipekua. Ngoja nikutafutie vilivyo kamili."

"Nipe hicho hicho."

"Kimoja?"

"Mvaaji ana mguu mmoja."

Aliyasema kwa sauti, mchana kweupe, wala uso haukumwiva. Pesa iliyobaki akanunulia sabuni na mafuta ya kula, akajiona mwanamke mwenye akili.

Nyumbani Esnath alitoa kiatu mfukoni, akatia mkono tena akitafuta cha pili. Akapapasa mpaka kwenye pembe za mfuko. Kisha akamtazama Dorosela, akamtazama vya kutosha. Dorosela alishajiandalia maneno ya kumwambia ukweli wa mambo, akasubiri kilio. Kilio hakikuja. Esnath alikivaa kiatu mguu wa kushoto, akafunga kamba, akagonga sakafu.

"Kimenikaa," alisema. "Umeniletea nusu. Nusu ya pili utaniletea mvua zikianza."

Akanyoosha mguu wa kulia ufungwe bandeji.

Tangu hapo kile kiatu kilikaa kando ya debe, kimepakwa kiwi. Chooni Esnath alikwenda kwa fimbo, akirukaruka na kiatu kimoja, wala hakukanyagia mguu mbovu. Ugali alikula kidogo, mboga akajaza sahani, ulanzi hakugusa. Na kila asubuhi aliuliza swali lile lile: "Leo kimepungua upande gani?"

Lilikuwa swali la kuudhi, kwa sababu ili kulijibu ilibidi kutazama. Dorosela hakuwa ametazama hata mara moja. Alikuwa anaosha huku amegeuza shingo. Sasa akatazama, na asubuhi moja akauona wekundu umepanda juu ya kifundo, haukuwapo jana. Wakaondoka saa ile ile kwenda Njombe. Esnath akalazwa, akachomwa dawa, na nesi akasema wangechelewa kidogo tu yangekuwa mazungumzo mengine.

Baadaye pembeni mwa kidonda ikatokea ngozi changa, nyororo. Ikaendelea kusogea ndani, polepole kiasi cha kukera, hadi daktari alipoubonyeza unyayo na kusema, "Kimefunga, bibi. Sasa vaa viatu."

Dorosela akainamisha macho sakafuni. Mama mkwe alikuwa amevaa kimoja.

Makambako, Shadrack alimkumbuka.

"Si ulisema ana mguu mmoja?"

Dorosela alishainama. Alipekua rundo mpaka kiuno kikamuuma. Cheusi cha kulia hakikuwapo, akachukua cha kahawia kinacholingana.

Jumapili ya kwanza baada ya mvua kuanza, walitoka kanisani pamoja, Esnath akitembea kwa miguu miwili kwenye tope.

"Kamwene, mama!" Konsolata akaita, kisha akaangua kicheko. "Mbona kimoja cheusi, kingine cha kahawia?"

Dorosela akakauka. Neno moja tu lingetosha, na kanisa zima lingejua.

"Mkwe wangu aliniletea kwa awamu," Esnath akasema. "Makambako ni mbali, na viatu vyenyewe vizito. Ningemtwisha vyote kwa mara moja?"

Wanawake wakacheka. Dorosela kinyaa kilimkaba kooni, kile kile cha asubuhi jikoni, ila safari hii hakikuwapo kidonda cha kukigeuzia uso. Alijichukia yeye. Kamba ya kiatu cha kahawia ilikuwa imelegea, akapiga magoti kwenye tope na gauni lake la kanisani, akaanza kuifunga.

"Kaza, mwanangu," Esnath akamwambia kutoka juu. "Kesho tunaingia bondeni."