Sanduku Lililosomwa Kinyume

Kwenye ramani iliyobandikwa ukutani nchi ilikuwa shwari: tambarare za pwani kijani, nyanda za juu kahawia, na kati yake mstari mwembamba, genge ambako ardhi ilikatika enzi za kale. Chini ya mstari huo lilikuwa linachimbwa handaki la reli. Karatasi haimwangukii mtu kichwani, ndiyo maana wakubwa huipenda.

Mjiolojia alikuwa ghalani akifuta vumbi kwenye sanduku la sampuli, vile vipande virefu vya mwamba vinavyotolewa ardhini na keekee, mashine ya kutoboa, na kupangwa kwa mfuatano. Kitambaa kikafunua mshale mwekundu unaoonyesha sanduku lisomwe kutoka wapi. Mwezi uliopita taa iliungua, naye, kwa kutafuta mwanga wa dirisha, akasimama upande wa pili wa meza. Alisoma toka mwisho kuja mwanzo! Lile tabaka la mawe yaliyosagika na udongo telezi, aliloandika kuwa liko mbali ndani ya mlima, kumbe liko karibu na mlango. Wachimbaji walishalifikia. Na Kitinda, mdogo wake aliyemlea mwenyewe tangu mama yao afariki, alikuwa mmoja wao.

Akampigia msimamizi. Hapatikani; ndani ya handaki hakuna mtandao. Akampigia Kitinda huku akijua ni kazi bure. Simu ikapokelewa.

"Uko wapi?"

"Niko nje, dada, nimetumwa mbao. Mbona unahema hivyo, umefukuzwa na mbwa?"

Dada mtu alikaa chini sakafuni akalia kwa furaha. Yuko nje! Mungu ni mkubwa.

"Leo raha tupu," Kitinda aliendelea. "Mwamba laini, tunaukata kama sabuni."

"Huo si mwamba, ni kifusi! Kitashuka wakati wowote. Nimekosea mimi, nilisoma kinyume. Piga king'ora!"

"King'ora kibovu tangu juzi. Dada, wenzangu wamo ndani."

Hapo dada akaelewa alichokifanya. Laiti angemuulizia afya tu, akamchelewesha huko nje kwa porojo.

"Usiingie! Mtume mtu mwingine! Nakuomba, mwanangu, usiingie!"

Maisha yake yote hakuwahi kumwita mwanangu.

Kitinda hakukata simu. Dada mtu alisikia buti zikikimbia, sauti ikiita majina ya watu, mwangwi ukizidi kuwa mkubwa, kisha mtandao ukapotea.