Tiki za Ukurasa wa Mwisho

Mimi ni fundi wa karakana ya chuo. Shule niliacha darasa la saba, na hilo sijawahi kulificha. Nililoficha ni jingine: Kiingereza nakijua herufi zake tu. Nitakutajia moja moja kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani, lakini zikishikana kuwa neno, tunaachana njiani.

Mwalimu wa Kiingereza alikuja chuoni kwa mkataba wa majaribio wa mwaka mmoja. Kiwanda cha pampu, ambacho huchukua wanafunzi wetu kwa mafunzo kazini, kilikuwa kimeleta wahandisi wa kigeni. Kikasema mwaka huu kitachukua ishirini, mradi wawe wanaelewa wanachoambiwa kwa Kiingereza. Mkuu wa idara ya uhandisi akamkabidhi Mwalimu kazi hiyo. Kiwanda kikiridhika, mkataba unaendelea. Kisiporidhika, safari njema.

Njia yake ilikuwa nusu simu, nusu karakana. Wanafunzi wajifunze maneno nyumbani kwenye simu, kwa picha na sauti yake, halafu waje kwangu washike chuma chenyewe na kukitaja. Wenyewe waliliita darasa la mfukoni.

"Nusu huku, nusu kule," nilimwambia siku ya kwanza. "Hiyo si elimu, Mwalimu, hiyo ni ndoa ya wake wawili. Utashinda njiani."

"Mradi nyumba zote mbili kunapikwa, Fundi," akajibu.

Nikacheka. Tangu hapo nikamkubali.

Tulipiga picha thelathini za mashine ya kukereza chuma. Kila picha ina kidole changu, na kucha yake nyeusi, kikionyesha sehemu moja. Yeye akaandika majina, akatoa kijitabu, akaniletea kabla ya kuyaweka kwenye simu. Kila neno lilikuwa na kisanduku pembeni.

"Mimi maneno nayajua, vyuma sivijui," alisema. "Wewe vyuma unavijua. Neno likiwa sawa na picha, tia tiki. Likiwa si sawa, lizungushie duara. Wewe ndiye jicho langu."

Hakuwa na sababu ya kunishuku. Mashine ile imejaa vibao vya tahadhari vya Kiingereza, na mimi nimeisimamia miaka ishirini na miwili. Nani angedhani nimeijua kwa kuizoea tu, kama mtu anavyoujua mlango wa nyumbani gizani? Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema, "Nipe siku mbili."

Jumapili mchana nilikaa mezani na kile kijitabu. Binti yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, akanisimamia begani.

"Baba, lete nikusomee."

"Nisomewe na mtoto niliyemfuta kamasi?"

"Mbona umeshika kalamu kama umeshika nyoka?"

"Toka hapa."

Mama watoto alikuwa anakunja nguo, hata hakugeuka. "Mficha uchi hazai, mume wangu."

"Nani anaficha nini?"

"Mimi nakunja nguo tu."

Nilitia tiki zote. Nilizitia vizuri, mistari imenyooka, kama fundi.

Miezi mitatu mambo yalikwenda. Kila Jumanne mwanafunzi anakuja kwenye mashine, anashika sehemu, anataja jina. Mimi natazama mkono. Ukigusa chuma halisi, si kifuniko wala waya, naitikia kwa kichwa. Mwalimu anasikiliza mdomo. Neno likitoka limenyooka, naye anaitikia. Mimi naitikia chuma, yeye anaitikia neno. Kati yetu hakuna aliyejua kwamba viwili hivyo havikuoana. Wanafunzi walikuwa wanafurahi. Mmoja, tuliyemwita Mnara kwa urefu wake, alikuwa akitaja zote thelathini bila kupumua.

"Fundi, na wewe taja moja," aliniambia siku moja.

"Mimi nimekuja kufundisha, sikuja kujifunza," nikamjibu. Darasa zima likacheka, na Mwalimu akacheka nao.

Siku ya kupimwa, mhandisi wa kiwanda alisimama mbele ya mashine na karatasi yake. Akasema neno. Mnara akaenda moja kwa moja, kifua mbele, akashika sehemu. Mhandisi akatikisa kichwa, akamwita mwingine, akarudia neno lilelile. Huyo naye akashika palepale. Wa tatu vilevile. Darasa zima lilikosea mahali pamoja, kama kwaya. Hata mvivu mmoja angebahatisha akapata, lakini hatukuwa na mvivu. Wote walikuwa wamesoma.

Kumbe Mwalimu, wakati wa kuandika, aliruka mstari mmoja kwenye picha ya tisa. Kuanzia hapo kila jina lilikaa chini ya picha ya jirani yake, mpaka mwisho.

Kiwanda hakikuchukua hata mmoja.

Alhamisi Mkuu akatuita ofisini. Kijitabu kilikuwa mkononi mwa Mwalimu, amekikunja.

"Nani aliandika haya?" Mkuu akauliza.

"Mimi," akasema.

"Hukumwonyesha mtu?"

Hakunitazama. Alitazama meza.

Mkuu akanigeukia. "Fundi, ulikuwa nao kila Jumanne. Una la kusema?"

Nilikuwa nalo. Lakini niliwaza darasa zima limesimama nyuma ya Mkuu, linanicheka.

"Sina, Mkuu."

Ijumaa Mwalimu alikuja karakana kurudisha koti la kazi. Alilikunja, akaliweka juu ya benchi, na kijitabu juu yake.

"Juzi nilipitia tiki zako, Fundi. Umetia mpaka ukurasa wa mwisho."

"Ukurasa wa mwisho una nini?"

"Maelekezo ya kutumia kijitabu. Hauna picha hata moja."

Nilishika msasa, nikauachia. "Sasa kwa nini hukusema kikaoni?"

"Mstari niliuruka mimi. Hilo nililisema," alijibu. "La kwako nilikuwa nakungoja uliseme mwenyewe. Baki salama, Fundi."

Akatoka. Alipita katikati ya mashine bila kugusa hata moja.

Jioni ile nilimpa binti yangu kijitabu. Sikumweleza kitu. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, na chai haijaisha akainua uso.

"Baba, kuanzia ya tisa yote yameteleza. Nani alikagua hizi?"

Mama watoto akaacha kuosha vyombo.

"Mimi," nikasema.

Binti hakucheka. Ningependa acheke.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa Mkuu kabla hajafungua. Nilisema yote nikiwa nimesimama: herufi, tiki, ukurasa wa mwisho. Nikamwomba amrudishe Mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Barua yake ilishatoka Ijumaa," alisema. "Na Alhamisi nilikuuliza, Fundi."

Ni kweli. Aliniuliza.