Waliokuja Kutumia Choo Kipya

Jumamosi saa nne asubuhi Spana alifunga koki, akavuta maji ya mwisho kwenye choo cha zamani na kukausha kilichobaki kwa tambara. Choo kile kilikuwa na ufa tangu yeye akiwa darasa la pili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi bomba, amefunga vyoo kwenye majumba ya watu hata idadi imempotea, na huku nyumbani mama yake alikuwa bado anavuta maji kwa kamba ya kiatu. Mafundi ndivyo walivyo, mama mtu alizoea kusema, wala hakusema kwa kununa.

Spana alifungua nati zilizoliwa na kutu, akakikumbatia choo kizee kama anayehamisha mgonjwa, akakitoa nje. Akasafisha mdomo wa bomba la sakafuni, akaweka mpira mpya, akakikalisha choo kipya, cheupe pe. Akaweka pimamaji juu yake, kiputo kikatulia katikati. Bolti alizikaza kidogo kidogo, mara huku mara kule, kisije kikapasuka, kisha akaziba ukingo kwa saruji nyeupe na kuulainisha kwa kidole gumba. Alipovuta maji, yalishuka kama mtu mzima anayesafisha koo. Kazi za watu huzimaliza akaondoka. Hii alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akaitazama.

Saa kumi alasiri bibi yake aliingia. Alikuwa amekufa miaka kumi na mmoja nyuma. Alivaa sare yake ya kazini na aproni iliyopigwa pasi, viatu kavishika mkononi. Spana na mama yake wakamwamkia. Mama akamuuliza hali ya magoti, bibi akasema hayamsumbui tena. Kisha akasema huko waliko wamesikia habari za choo kipya.

"Naruhusiwa?" akauliza.

Wote walijua swali lile limetoka wapi. Bibi alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye nyumba ya geti jeusi, mtaa wa juu. Nyumba ilikuwa na vyoo vinne. Alivisugua vyote mara mbili kwa siku na hakuwahi kukalia hata kimoja. Wafanyakazi walivuka barabara hadi kituo cha mafuta, wakaomba ufunguo wa choo.

"Ni chako, Bibi," Spana akasema. "Nimekifunga mwenyewe."

Bibi alipitisha kidole chini ya ukingo, akakisukuma choo kwa goti.

"Hakitikisiki," akasema, akafunga mlango.

Alikaa humo nusu saa, wakimsikia anaimba puani. Alitoka kichwa juu, akamwambia mama mtu kwamba huyu mtoto ana mikono. Spana akageukia dirishani, maana uso ulimshinda kuutuliza.

Kesho yake bibi alikuja na wenzake saba. Kufikia Jumatano foleni ilifika hadi nje: wapishi, madobi, madereva, watunza bustani, marehemu wote, sare zao safi. Jirani wa kushoto alilalamika kwamba wanaegemea ua wake, lakini alipomwona marehemu mjomba wake kwenye foleni alitoa benchi. Mama mtu alisimamia utaratibu, wenye umri mkubwa mbele, viatu nje. Mita ya maji haikusogea. Kila aliyetoka aliuliza fundi ni nani, akampa Spana mkono, na Spana akaanza kuwahi kutoka kazini ili saa kumi imkute nyumbani.

Wiki ya pili aliitwa kwenye nyumba ya geti jeusi kubadilisha choo cha ghorofani. Mwenye nyumba alikuwa mjukuu wa mwenye nyumba wa zamani, mama mpole, akamletea sharubati. Kazi ilitoka safi. Alipomaliza, Spana aliomba kukitumia.

"Kuna kituo cha mafuta hapo ng'ambo, fundi. Ndio utaratibu wa nyumba."

Spana alimweleza kwamba bibi yake alisugua vyoo vya nyumba hii miaka thelathini na mmoja, na sasa kila siku saa kumi anakuja kukaa kwenye choo chake. Mwenye nyumba alisikiliza vizuri. Alisema bibi alikuwa mwaminifu sana, hadi leo wanamtaja, na amsalimie. Kisha akasema watu wa kituo cha mafuta hawana shida, ufunguo wanatoa.

Pale kituoni Spana alimkuta dada wa kazi wa nyumba ile akisubiri ufunguo, akibadilisha mguu wa kusimamia. Akamwelekeza kwake. Kwa kupita uchochoroni, ni dakika kumi.

Kesho yake, saa kumi na dakika chache, dada yule alifika akihema, akasimama mwisho wa foleni, nyuma ya dereva aliyekufa miaka arobaini iliyopita. Bibi, ambaye zamu yake ilikuwa imefika, aliacha nafasi yake mlangoni, akaifuata foleni hadi mwisho, akamshika mkono.

"Pita mbele, mwanangu," akasema. "Sisi hatuna haraka. Wewe unasubiriwa kazini."

Foleni nzima ikasogea ukutani kumpisha. Spana akamfungulia mlango.

Dada yule alikuja tena kesho yake, na keshokutwa, saa ileile, akikimbia.