Niliposema Nyota ni Mukusu

Nyinyi akina mama mliozaa na watu wa kabila lingine, haya nayaandika kwa ajili yenu. Mimi ni Aziza, mtu wa Kasongo, Mukusu. Mume wangu Alphonse ni Mugenya, mvuvi wa maporomoko hapa Kisangani. Mwaka wa 1957 binti yetu Nyota alikuwa na miaka kumi na saba. Tumbo lilimchoma kila alipokula, na asipokula pia.

Alphonse alikuwa ameshuka Barumbu kuuza samaki. Nikampeleka hospitali peke yangu.

Pale palikuwa na dokta mzungu aliyeandika matumbo ya watu kwa kabila. Infirmier wake, muuguzi Timothée, ndiye aliyepanga mstari. Walisema tumbo la Mugenya linavimba chini, pale panapotoboka. Donc, basi, Mugenya anamezeshwa mpira mrefu wa kuvuta maji ya tumbo, analazwa. La Mukusu linavimba juu juu tu, ni pilipili. Anapewa unga mweupe wa dawa, anarudi kwake.

Mbele yetu watu watatu walimshika mzee mmoja, mpira ukimwingia kooni. Macho yalimtoka, akajikojolea. Mstari wote ulicheka.

"Meza, papa," mwanamke mmoja alimwambia. "Bagenya munamezaka miiba ya samaki kila siku, mupira ni nini?"

Nyota alinishika kitenge. "Mama, miye hapana."

Zamu yetu ilipofika, Timothée hakuinua kichwa. "Kabila?"

Mtoto ni wa baba yake, kila mtu anajua. Nikasema, "Mukusu."

Akaandika. Hakuna aliyemgusa tumbo. Hapo ndipo ninapowaonya: msiondoke pale mpaka mkono wa mtu uguse tumbo la mtoto, hata wakiwafukuza. Mimi niliondoka. Njiani tulicheka, mimi na yeye, kwamba tumewashinda.

Siku ya tatu alianguka jikoni. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Ukiweka kidole, anapiga kelele. Nikamweka juu ya baiskeli ya jirani, nikaisukuma mpaka hospitali.

"Nilidanganya," nilimwambia Timothée. "Baba yake ni Mugenya. Muite dokta."

Alicheka kidogo. "Bon. Juzi Mukusu, leo Mugenya. Kesho atakuwa Topoke? Kabila haiko kitenge, mama, ya kubadilisha kila asubuhi."

"Gusa tumbo yake tu, papa."

"Bakusu munajuaka kulia." Alikuwa ameshageuka. "Ongeza unga."

Nikamrudisha. Alikufa kesho yake alfajiri, unga bado mweupe kwenye midomo.

Alphonse alifika asubuhi hiyohiyo, akamkuta amelazwa mkekani. Kabla hajakaa, Timothée, aliyeambiwa na jirani jinsi Nyota alivyokufa, aliingia uani na watu wawili na machela.

"Dokta anaomba kumupasua," alisema. "Mukusu wa kufa na tumbo gumu hivi, hajamuona bado. Anataka kumuandika."

"Mukusu nani?" Alphonse aliuliza.

Timothée akamwambia yote, na alipofika kwenye kitenge akacheka tena.

Mama yake Alphonse, Mama Berthe, alikuwa amekaa karibu na maiti. Hakunitazama. "Muke wako amemupa mutoto kabila yake. Basi amupe na kaburi. Kwetu hatuzikake Bakusu."

Nilimngoja Alphonse aseme neno. Alivua viatu, akaanza kuvipangusa matope.

Nikakimbilia kwa kaka yangu Amuri na wazee wa kwetu Maniema. Walinisikiliza wakiwa wamesimama.

"Baba yake ni nani?" mmoja aliuliza.

"Mugenya."

"Alors ni mutu yabo. Bamuzike bo benyewe."

Amuri alinisindikiza mpaka barabarani, hakuvuka.

Niliporudi jua lilikuwa kali na mwili umeanza kuvimba. Mama Berthe alikuwa amesogeza kiti chake mbali na harufu. Timothée alikuwa palepale uani, anakula karanga.

"Bon, mama?" alisema.

Nikamwambia amchukue Nyota.