Meza ya Maafisa

"Nimesema mliondoe hilo gari, Nkatha." Kapteni Nordahl aligonga bampa ya Corolla ya mume wangu kwa fimbo. "Kila Jumapili mnanizibia njia."

"Kapteni, unakwenda wapi na theluji hii? Gari lako halijatoka kwenye banda lake tangu Krismasi."

Nilikuwa nimechoka naye. Mtaa wetu wote wa Columbia Heights, huku ughaibuni, unamjua jirani yangu huyu tunayepakana naye ukuta, mzee aliyeongoza manowari katika vita vya Korea na hadi leo anadhani sisi sote ni mabaharia wake. Kwangu watu hujaa baada ya kanisa, wengine hutoka kazini mji wa jirani, Coon Rapids, moja kwa moja na yunifomu za hospitali. Na kila tukikaa kula, yeye hupata la kulalamikia: magari, viatu mlangoni, rafiki yangu Keziah na kicheko chake.

"Sema ukweli," nikamwambia. "Shida si gari. Hutupendi tu."

Akaishusha fimbo. "Miaka miwili nanusa chapati zenu. Hamjanialika hata siku moja."

"Kwani jirani hualikwa? Kwetu mlango ukiwa wazi unaingia, unasukuma mtu kando, unakaa. Sisi huku tunakusengenya eti unaringa."

"Mimi sikulelewa hivyo," akasema kwa uchungu. "Melini nahodha hula peke yake. Amri zote ni zake, lakini meza ya maafisa si yake. Haingii pale mpaka wamwalike. Wangu walikuwa wakinialika kila Jumapili. Halafu tukagonga bomu la baharini. Nikaamuru milango ya chini ifungwe maji yasienee, na kulikuwa na vijana nyuma ya ile milango. Meli haikuzama. Tume ya uchunguzi ikasema nilifanya sawa. Maafisa wangu hawakunialika tena, na wakubwa wakaniondoa melini, wakanipa kazi ya ofisini, nikakaa hapo mpaka kustaafu. Tangu wakati ule sijui kubisha mlango wa mtu."



Alfred, mume wangu, akatoka na funguo mkononi. "Nilisogeze au nisilisogeze? Baridi hii si ya kusimama."

"Liache hapo," nikamwambia. " Wameshaanza kula?"

"Waanze vipi na wewe uko nje unagombana? Kuku anapoa."

Nikamgeukia mzee. Fimbo ilikuwa imezama kwenye theluji na hakuwa na haraka ya kuitoa.

"Kapteni," nikasema, "nazungumza kwa niaba ya wote walio mezani. Tunakualika. Ingia ule nasi."