Uzi Shingoni mwa Chanda

Miaka tisa Chanda alivaa uzi mweusi shingoni, na miaka tisa si mchezo. Alifungwa uzi huo siku wapagazi waliporudi kutoka vita vya Tabora bila Kapya, mumewe. Kwa desturi ya kwao, uzi wa msiba hukatwa na ndugu wa marehemu, wakishaonyeshwa kaburi au kutajiwa jina lake kati ya waliokufa na anayejua kwa hakika. Wapagazi walisema tu kwamba walimwacha njiani amelala, ana homa. Kulala si kufa. Basi Kapya hakuliliwa, na Chanda akawa si mke, si mjane.

Wazungu waliposimamisha jiwe la vita hapo Élisabethville, lenye majina ya waliokufa, Chanda alipata moyo. Hata shemeji yake Kasonde, ndugu wa Kapya, mtu mgumu yule, alitoka Kilwa ya ziwani, si ile ya pwani, kwa miguu, wembe mpya ameufunga kwenye kitambaa. Jina likitajwa, angekata uzi palepale.

Walimwomba Clovis, karani aliyejisikia sana kwa Kifaransa chake, awasomee. Alisoma majina yote kumi na saba kwa sauti ya kanisani.

"Anza tena kule juu, bwana karani," alisema Kasonde. "Polepole. Pengine umeruka."

Clovis alisoma tena. Mara ya tatu alisoma bila kuombwa, maringo yote yamemwisha.

"Iko bazungu tu, baba. Bapagazi habakubaandika."

"Hata mumoja?" aliuliza Kasonde.

"Hata mumoja."

Chanda hakulia, maana hakuwa bado na ruhusa ya kulia. Aliwatazama wapita njia wakilivulia jiwe kofia, na roho ikamuuma. Masanduku ya hao walioandikwa, Kapya ndiye aliyeyabeba kichwani.

Wakashika njia ya kurudi. Karibu na reli Chanda alihisi kitu kikimteleza kifuani. Uzi ulikuwa umechakaa, umekatika wenyewe. Alimtazama Kasonde, akathubutu kutumaini.

Kasonde aliuokota. Aliushika muda mrefu, na machozi yakamtiririka, mtu mgumu yule.

"Geuka, mulamu," alimwambia.

Chanda aligeuka, akainamisha shingo. Kasonde akaunganisha ncha mbili za uzi, akapiga fundo, kisha akapiga la pili ili lisifunguke.