Mafuta ya Freni ya Papa Élie

Papa mukwe wangu, jina lake mimi siitaje. Njo vile bibi ya mutoto, muke wake, anaheshimu mukwe kwetu. Watu wanamwita Papa Élie, na Élie njo bwana yangu. Papa Élie iko na ng'ombe kumi na moja na kamyo moja, na kamyo iko muzee kupita ng'ombe wote.

Kamyo hiyo inateremuka soko ya Mubi kila juma na fromaji ya maziwa yetu na maharagi. Tangu mwezi wa tatu freni yake ilikuwa Élie. Kwenye muteremuko alikuwa anaruka chini, anakimbia karibu ya mupira ya nyuma na kipande kinene cha muti tunaita kale, anaitia chini ya mupira, kamyo inasimama. Mbele ya Élie kazi hiyo ilikuwa ya Magloire, mufanyakazi wetu. Magloire angali muzima. Anatembea na fimbo.

Alhamisi moja Papa Élie alileta kutoka Goma tiyo mupya za shaba, zenye kupitisha mafuta ya freni. Zile za zamani kutu ilikuwa imezikula, na fasi zingine zilifungwa na vipande vya mupira. Tulitengenezea nyumbani, kamyo imewekewa mawe mbele na nyuma. Élie alikunja tiyo polepole juu ya mutwangio wangu wa majani ya sombe ili zisivunjike kwenye kona. Mutwangio ulirudi na alama.

Ilibaki kutoa hewa ndani ya tiyo, kwa sababu hewa ikibaki freni haishike. Mimi nilipanda mbele kukanyaga pedale ya freni, Élie alilala chini karibu ya mupira. Papa Élie alishika chupa ya mafuta, kwa sababu mafuta ilikuwa yake.

Élie anasema kanyaga, nakanyaga. Anasema shika, nashika. Anafungua vise, skurubu ndogo karibu ya mupira, mafuta inatoka na hewa, anafunga. Anasema acha, naacha. Kopo ya mafuta yenye kulisha tiyo iko karibu ya usukani, mbele ya macho yangu. Ikipunguka, Papa Élie anapanda, anasukasuka chupa na mikono mbili kama kibuyu cha maziwa, anamimina.

Mwanzo sikufikiri kitu. Watu wa ng'ombe hawamimini kitu bila kusukasuka. Papa Élie anasukasuka hata petroli ya taa.

Tulimaliza mipira yote, tukarudia. Pedale ilikuwa inaingia mupaka chini, laini kama matope. Mara ya tatu niliangalia ndani ya kopo. Mafuta ilikuwa na povu ndogondogo, ile yenye kukawia kupanda. Povu hiyo naijua. Nasuka maziwa tangu niko na miaka sita.

Papa Élie alisema basi, inatosha, kamyo iko ya kuzeeka. Kesho watateremuka vilevile, Élie atabeba kale. Élie alisema ndiyo, Papa. Nilimuona anajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, kama mutu anayeviaga.

Papa mukwe haambiwi na bibi ya mutoto kama anakosea. Kwa hiyo nilimuambia Mama Élie, mama mukwe, kama miguu yangu imechoka, nikamuomba akanyage yeye kidogo, mara moja ya mwisho. Mama Élie iko mama munene. Alipanda, kamyo ikainama upande.

"Papa," nikasema, "si muzuri mukubwa apande na ashuke vile. Chupa nitabeba mimi."

Hiyo ilimupendeza. Akatafuta kiti.

Niliweka chupa kwenye kivuli, nikamenya viazi kikapu kizima. Papa Élie aliuliza tunangojea nini. Nilimuambia Mama anapumzika. Ilikuwa kweli, alikuwa amelala juu ya usukani. Nilipoona povu imeisha ndani ya chupa na ndani ya kopo, nilimuamsha, tukaanza tena. Nilimimina polepole, kwenye ukingo wa kopo.

"Umeisukasuka?" Papa Élie aliuliza toka kwenye kiti.

"Ilisukwasukwa ya kutosha, Papa."

Kwenye mupira ya ine, ya mwisho, Mama Élie alisema toka juu:

"Hii kitu sasa inakataa. Ni miye nimeiharibu?"

Papa Élie alipanda, akakanyaga. Pedale ilisimama kama jiwe. Akakanyaga tena.

"Munaona," akasema. "Ni kusukasuka."

Élie aliniangalia toka chini ya kamyo. Mimi niliangalia viazi.

Waliteremuka Mubi. Élie alirudi siku ya tatu na vidole vyote. Alisema kwenye muteremuko wote alibaki mbele, amekalia kale. Sasa kale hiyo inazuia mulango wa jikoni yangu.

Papa Élie akinunua chupa mupya, naenda kumupokea njiani, naitoa mukononi mwake na mikono mbili. Anaambia majirani kama bibi ya Élie iko na heshima sana.